Maji Yanayojiendea

Tangu maji yaanze kujiendea yenyewe, Mbeyu hakubeba ndoo tena. Yalipanda kilima bila bomba wala pampu, kila tone likijisukuma, yakifuata joto la walio hai mpaka mtungini kwake.

Asubuhi hiyo alimchotea kikombe mumewe, Chirima, aliyekuwa mwezi wa pili kitandani. Alipokisogeza mdomoni mwake, maji yakajivuta upande wa pili, kwenye vidole vya Mbeyu.

"Kunywa, baba Mwaka," alimsihi, akikiinamisha kikombe.

Matone machache yaliingia. Punde yakatoka pembeni mwa mdomo, yakamtambalia Mbeyu mkononi.

"Yaache, mama Mwaka," Chirima akanong'ona. "Hayadanganyi."

Mbeyu akayakung'uta kwa hasira. Yakaanguka sakafuni, yakajikusanya, yakamrudia yeye.