Ambulansi ya Sotik

Jumatatu tarehe kumi Machi, siku yote iliharibika kwa simu moja. Kimeli alikuwa kwa benchi la ofisi ya usafiri, mahali alipozeekea akitetea watu wa bodaboda.

"Chairman! Gari ya serikali imegonga Kipkoech wetu wa boda hapa Sotik!" Ni Kipkirui, wa steji ya boda. "Mguu umeisha. Dereva anataka kuhepa!"

Kimeli akasimama. Miaka yote hiyo, na koti lile lile, anaomba sheria moja tu: mwenye gari akigonga mtu wa pikipiki, asiende. Wakubwa wanamjibu, ngoja mzee. Akingoja, anazika vijana.

"Chukueni ufunguo. Gari isitoke mpaka mkubwa wao aje kwa miguu yake. Na msiichome, mnanisikia?"

"Ni ambulansi, Chairman. Nesi anasema iko na mgonjwa."

"Hizo nyimbo tunazijua. Juzi si ilibeba kabeji, king'ora kikilia? Hata mlango msiguse. Kitu kikipotea humo, watasema watu wa boda ni wezi."

Haikupita muda, habari ikafika ndani, na mlango wa mkubwa wa ofisi hiyo ukafunguka wenyewe. Mkubwa akatoka akitabasamu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mzee Kimeli, karibu ndani, chai iko. Ongea na watu wako basi."

"Leo utangoja wewe."

Makarani wakaficha vicheko. Simu ikalia: Chelimo, binti yake. Akakata. Leo ni siku ya kupeleka majani ya chai, na lori likichelewa kidogo tu, ni baba, baba. Chelimo akapiga tena. Akakata tena.

Mkubwa akaketi. Kweli kabisa, akaketi kwa benchi lile, suti na yote. Akaapa sheria itasomwa wiki hii hii. Kimeli akamwambia arudie, makarani wasikie. Akarudia.

Kipkirui akapiga tena. Sasa hakuwa anapiga kelele.

"Chairman, dereva ametoroka, ameogopa kuchomwa. Nesi amekimbilia msaada. Kuna mtu amekuwa akigonga mlango kutoka ndani, tukadhani ni ujanja wao. Sasa tumefungua. Ni bibi yako, mama yake Chelimo. Chelimo amemshika kichwa. Anapumua, lakini kidogo, kidogo."

"Mpelekeni! Unangoja nini?"

"Kwa pikipiki hawezi kukaa. Ufunguo wa gari tuko nao." Nyuma yake Chelimo alikuwa analia. "Lakini Chairman, hapa tumejaa watu wa boda tupu. Nani anajua kuendesha gari?"