Joho la Likwata

Nilitoka jandoni jana. Leo nikamkuta binamu yangu amekalia mkeka wangu, kashika pedi yangu ya kuchezea gemu, anacheza sehemu ya pili ya lile la shujaa anayeruka.

Sehemu ya kwanza niliimaliza mimi. Kidole gumba changu kina sugu mpaka leo. Na shujaa wake alikuwa amevaa joho la dhahabu, ambalo hupewa aliyemaliza ya kwanza tu! Watoto wa kijiji chetu, Mitwero, wakampigia makofi. Roho ikaniuma.

Juu kwenye kioo cha TV lilikuwa limeandikwa jina langu la utotoni, nililochezea sehemu ya kwanza: LIKWATA.

"Jina la nani hilo?" mtoto mmoja mgeni kijijini akauliza.

Binamu akanigeukia, akatabasamu. Alijua. Kwetu ukitoka jandoni unapewa jina jipya, la zamani halitamkwi tena. Kuitwa nalo ni tusi. Kuliitikia mwenyewe ni kujirudisha utotoni.

"Simjui," akasema. "Muulizeni kaka."

Mlangoni, mjomba aliyenisimamia jandoni alikuwa anavua viatu.

Joho likapepea.

"Likwata ni mimi," nikasema. "Lete pedi."