Mdhamini Huulizwa Peke Yake

Wakili wa benki alijipaka wanja, akaufuta, akajipaka tena. Makarani wakaanza utani: mama wa sheria, aliyezaliwa na koti jeusi, leo kaamkia upande gani? Alifungua faili. Jina la mteja wa asubuhi hiyo alilijua kabla hajajua sheria.

Ndiye aliyekuwa mchumba wake. Alikwenda ng'ambo kutafuta maisha, simu zikakatika, na binti wa watu alipokwenda nyumbani kwao kuulizia, mama mtu alimzuia mlangoni. Kijana ameoa hukohuko, alimwambia, asihangaike kurudi tena. Tangu siku hiyo hakumruhusu mwanamume mwingine amzoee. Alimchukia yule kijana kwa moyo wote, na kumpenda hakuacha.

Leo amerudi, anataka mkopo, na mama yake anaweka nyumba rehani.

Mlango ulipofunguliwa, wakili alisimama. Aliwakaribisha ndani. Mama mtu aliingia akipapasa, macho yameshaingia ukungu, ameshikwa mkono na mwanamume mnene mwenye maneno matamu. Mama kaa hapa, mama pumua kwanza, mama hii, mama ile. Wakili alimtazama usoni, akamtazama tena. Hakuwa yeye.

Hakupayuka. Utaratibu wa benki ulimpa nafasi: mdhamini huulizwa peke yake, mlango umefungwa, asije akaweka nyumba yake rehani kwa kushurutishwa. Alimwomba mwanamume asubiri nje.

Walipobaki wawili alieleza yote polepole. Mkopo usipolipwa, nyumba itapigwa mnada, na yeye atatolewa nje na virago vyake. Mama mtu alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, akauliza dole gumba aliweke wapi.

"Mama," wakili alisema, "huyo aliye nje siye mwanao."

"Najua."

Wakili alizivuta fomu za mkopo upande wake.

"Najua, ila ananiita mama. Jioni anakaa na mimi, tunakula, tunaongea. Nyumba tupu nitaifanyia nini?"

"Na mwanao wa kweli? Siku akirudi na mke wake utawalaza wapi?" Aliuliza kwa ukali ambao hakuukusudia. Uchungu wa miaka yote ulikuwa ndani ya swali hilo.

Mama mtu alipapasa juu ya meza mpaka akaupata mkono wa wakili, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Sauti yako niliitambua ulipotukaribisha, mwanangu. Hapakuwa na mke. Siku ile nilipokuzuia mlangoni, alikuwa ndani, amerudi anaumwa, anakata roho. Ni yeye aliyenituma nikwambie ameoa, ili usikae kumsubiri."