Alama Arobaini za Ladha

Kipimajoto kilichozama ndani ya jagi la Hibo kilikuwa cha sanduku la chanjo za mbuzi. Kilikuwa kipya, kimeoshwa kwa maji moto, na kilisoma nyuzi sita.

"Dada, hiyo ni pombe, si chanjo," Kirigia alisema kutoka meza ya pili.

"Nyuzi sita ni nyuzi sita," Hibo alijibu.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa huduma za hoteli katika chuo kimoja cha ufundi mjini Isiolo. Swali lilikuwa moja: tengeneza kinywaji cha sherehe kwa mvinyo wa mapovu na matunda yasiyopungua mawili. Usafi ulikuwa na alama ishirini, vipimo arobaini, ladha arobaini. Anayepata chini ya sitini hurudia mwaka.

Hibo alikuwa amesharudia mara moja. Kambi moja ya watalii ilikuwa imemwekea kazi hadi Jumatatu, kwa sharti kwamba afike na cheti. Baba yake naye alikuwa na sharti lake: akianguka tena, atarudi Garbatulla kuuza dawa za mifugo katika duka la mjomba.

Hakuwa ameonja mvinyo maishani mwake, na hakukusudia kuuonja. Mama yake alikubali aumimine, mradi avae glavu na lisipite tone mdomoni.

Kwa hiyo alitumia njia iliyobaki. Kwa wiki tatu aliwahoji watu kumi na wanane wanaokunywa, akaandika majibu yao katika jedwali. Kumi na mmoja walisema mvinyo ni mtamu. Wanne walisema ni mkali. Wawili walisema inategemea nani ananunua. Akolong, mlinzi wa chuo, alisema ni kama soda iliyogombana na mtu. Hibo alitafuta wastani. Palipokosekana wastani, alifuata kitabu: maji ya pasheni sehemu moja, embe lililochujwa sehemu moja, mvinyo sehemu tatu, umiminwe mwisho, polepole, ukipitia ubavuni mwa glasi iliyoinamishwa.

Kirigia alitengeneza kwa ulimi. Alionja, akaongeza mvinyo, akaonja tena. Kufikia mara ya sita alikuwa ameanza kumwita mtahini "buda", kama mzee wa kijiweni.

Mtahini, Bwana Rimberia, alikuwa ametoka Meru asubuhi hiyo. Alikuwa na suti ya kijivu, kalamu mbili, na miaka kumi na tisa ya kutahini somo hilo. "Huyo ni Mmeru," mama yake Hibo alikuwa amemwonya. "Vitu hizo anazijua. Huwezi kumdanganya."

Rimberia alisimama mbele ya jagi lenye kipimajoto.

"Umeonja?"

"Hapana, mwalimu."

"Na umejuaje iko sawa?"

"Nimepima. Na nimeuliza."

"Umeuliza nani?"

"Wanaokunywa. Watu kumi na wanane."

Kalamu ya Rimberia ilisimama juu ya karatasi.

"Wote walikubali kukwambia?"

"Wengine walikataa kunyamaza."

Kirigia alicheka peke yake. Rimberia aliinua glasi ya Hibo, akaitazama, akasema anahitaji mwanga. Alienda nayo dirishani, akawapa mgongo. Alikaa huko kwa muda. Nje, mbuzi wa Akolong alikuwa akilamba ukuta chini ya dirisha hilo. Mtahini aliporudi, glasi ilikuwa tupu, naye alikuwa akijifuta midomo kwa leso.

Alitia kipimajoto cha Hibo katika glasi ya Kirigia, akatazama mvinyo uliobaki chupani, kisha akaenda nayo dirishani vivyo hivyo. Kisha akaketi na kuandika bila kuinua kichwa.

"Kirigia. Nyuzi kumi na nne. Mvinyo mara mbili ya kiasi. Mapovu yamekufa. Ladha, kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Kirigia alishika meza ili isiondoke. "Buda, mimi hii kitu naijua. Hata shosho yangu, mzee hana meno, anaijua! Hiyo ya huyu dada ni juisi imevalishwa tai."

"Hibo," Rimberia aliendelea. "Nyuzi sita kamili. Mapovu yanapanda kwa mstari ulionyooka. Ladha, arobaini."

"Arobaini kwa nini? Sema imefanya nini mdomoni!"

"Imesawazika," Rimberia alisema. "Unaweza kwenda."

Kirigia alienda. Alijaribu mlango wa kabati kwanza, kisha akaupata wa kutokea. Sauti yake ilisikika uani, akimweleza Akolong maana ya haki.

Hibo alijumlisha kichwani. Hata akipewa nusu tu ya alama za vipimo, pamoja na zote za usafi, alikuwa na themanini. Alianza kuvua glavu.

Rimberia aliinuka, akafunga mlango. Fomu ya Hibo ilikuwa mezani. Mahali pa sahihi palikuwa wazi.

"Kuna swali moja limebaki," alisema. "Haliko kwenye karatasi. Nataka jibu la kweli kabla sijatia sahihi."

Hibo aliacha glavu moja mkononi. Aliliona duka la mjomba, rafu kwa rafu.

"Uliza, mwalimu."

Rimberia alitazama dirisha, akatazama mlango, kisha akavuta kiti karibu na kushusha sauti.

"Miaka kumi na tisa nimekosa mtu wa kuuliza," alisema. "Hii kitu, binti yangu, huwa na ladha gani?"