Mamba wa Wifi Salha

Mchelea mwana kulia humliza wa wifi yake. Kwenye bustani ya michezo ya mji wetu, kikaragosi wa mnyama anayekumbatiwa kwanza na mtoto huhamia kwao mpaka mtoto awe mtu mzima. Mwaka jana wifi yangu Salha alimsukumia binti yangu kwa Fisi, ili mwanawe amuwahi Sungura. Sasa Fisi hula mezani kwetu, na hucheka kila binti yangu anapolia.

Leo ilikuwa zamu ya kitindamimba wa Salha.

"Wifi, wewe mjuzi wa foleni. Nipangie Twiga."

Nikampangia mlango wa Mamba. Mamba akatanua mikono, mtoto akamrukia.

"Wifi, umeniua!"

"Hujafa. Katandike kitanda cha mgeni."

Mamba alishapanda gari lao, anauliza kama mtoto hulala peke yake. Siombi radhi, na sitaomba.