Familia Ndani ya Gari la Mkate

Sarah alisimama kwenye mlango wa gari, mswaki mdomoni, akimsubiri mdogo wake amalize zamu ya kikombe. Humo garini kikombe cha kusukutulia ni kimoja, na anayemwaga maji kwenye godoro hulala upande wa mlangoni. Sheria ni ya Albina, mama yao, na haina rufaa.

Gari lenyewe ni lile dogo ambalo Wachina huliita gari la mkate, kwa kuwa limekaa kama boflo. Joachim, baba yao, alilinunua ili abebee mizigo ya wateja kutoka masoko ya Liuhua. Sasa alikuwa ameng'oa viti vya nyuma na kutandika godoro juu ya marobota ya jeans, familia nzima ikahamia humo. Miaka ile Guangzhou ilikuwa ikiota maghorofa kila kona, na wao wakilala kwenye mkate.

Maisha ya garini waliyajua kwa kuumia. Supu haipikwi gari likiwa kwenye mteremko. Mtoto huulizwa habari za choo kabla ya safari, si mkiwa mmekwama kwenye foleni ya barabara ya Huanshi. Na mlinzi wa maegesho, ambaye kila mwenye gari kwake ni laoban, bosi, hata Joachim anayelalia jeans za watu, huingiwa na huruma akikuta watoto wamelala. Kwa hiyo mlinzi akitokea, watoto hulala. Sia, wa miaka minne, alikuwa bingwa wa kukoroma kwa amri.

"Leo umwambie," Albina alisema huku akikunja blanketi.

"Nimwambie nini?"

"Chumba kimoja. Kile kidogo cha nyuma. Sarah anaanza shule Jumatatu, na kila siku anaamka shingo imekakamaa. Mwalimu atadhani ndivyo alivyozaliwa."

Joachim akajishughulisha kufuta kioo cha pembeni, ambacho kilikuwa safi. "Kaka Rodgers ni mtoto wa baba mkubwa. Nitamwanzaje?"

"Alisema wiki moja."

"Najua alisema wiki moja."

"Na wewe ukamjibu hamna neno."

"Ningesemaje, Albina?"

Wakaenda mtaa wa Sanyuanli, kama walivyofanya kila asubuhi, maana kule ghorofani aliko kaka Rodgers ndiko walikokuwa wakioga. Lifti hakuna. Albina alipanda ngazi na mayai, mboga na sukari, kwa kuwa haiwezekani kwenda kuomba chumba mikono ikining'inia.

Rodgers alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani, taulo shingoni, rimoti mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye roho ya ukarimu. "Aa, shemeji! Karibuni. Vueni viatu, jisikieni mko nyumbani."

Sebule ilijaa mabegi na mifuko ya sampuli. Kwenye kochi alikaa Mutua, Mkenya ambaye Rodgers alikutana naye sokoni akamwonea huruma kwa kukosa pa kulala. Mutua aliinua kikombe. "Chumvi nayo iliisha ama?"

"Kabati la juu, nyuma ya unga," Albina alimjibu bila kugeuka, akaingia jikoni kuosha vyombo vya jana na kukaanga mayai ya watu wote.

Sia alikimbilia droo ya chini ya televisheni. Sarah akamdaka mkono. "Usifungue. Baba mkubwa anaweka soksi zake humo."

Joachim alizungumzia mvua. Alizungumzia bei za makontena. Aliulizia hali ya mashangazi wote wa Moshi, mmoja mmoja, hata ambao hakuwa akielewana nao. Albina alipoona sasa wanafika kwa mashangazi wa ndoa, alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kaka, samahani. Tulikuwa tunaomba chumba kimoja. Kile kidogo. Watoto tu ndio walale kitandani, sisi wakubwa tutabaki na gari letu."

Rodgers aliweka yai chini. Uso wake ulisinyaa kwa huzuni ya kweli.

"Shemeji, umenikata maini. Hawa si watoto wangu? Lakini unaona mwenyewe tulivyobanana. Na Jumapili anaingia mchungaji wetu na wanakwaya, wanakuja kununua majoho. Mtumishi wa Mungu nimlaze koridoni?"

"Hapana, kaka," Joachim alidakia.

Albina alimtupia mumewe jicho ambalo lingetosha kukaanga trei nyingine ya mayai. Halafu machozi yakamlenga, akageukia sinki. Alimwonea uchungu Sarah na shingo yake. Ila kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno alikuwa nayo, yamejaa mdomoni, na malezi aliyolelewa hayakumruhusu kutoa hata moja.

Rodgers aliliona hilo. Hakuwa mtu wa moyo mgumu. Alizunguka sebuleni akitafuta namna ya kuwafariji, na uso ukamnawiri.

"Ngojeni. Siwezi kuwaacha mtoke mikono mitupu."

Akapanda juu ya kochi, Mutua akajisogeza, akaiangua ukutani picha kubwa yenye fremu. Akaifuta vumbi kwa taulo lake na kumkabidhi Albina kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya harusi, Albina na shela lake, Joachim na suti yake ya kuazima, nayo ilikuwa haijawahi kutoka pale walipoitundika wenyewe siku walipoipanga nyumba hiyo.

"Mkaiweke kwenye gari, na kule pafanane na kwenu," alisema. "Mimi huu msumari nitamwachia mchungaji."