Mirija Mitupu

Simu ilisema mzee amezidiwa, na Musembi akatoka Mombasa alfajiri bila hata kubadilisha shati. Haikuwa mara ya kwanza mwaka huo. Kila mara babake, Mzee Nyamai, alikuwa anakata roho, na kila mara roho ilimrudia mara tu gari la Musembi lilipoupita mji wa Kabati likirudi kazini. Safari hii, hata hivyo, sauti ya Mumbua ilikuwa na machozi.

"Njoo, kaka. Sidhani atafika Jumapili."

Mumbua alikuwa nesi wa kujitolea. Alitokea tu hapo Migwani, kijijini kwa mzee, akasema ametumwa na wacha Mungu wa Nairobi kutunza wazee walioachwa peke yao. Tangu aje, mzee alikuwa amepata godoro jipya, tangi la maji na taa ya sola. Musembi, afisa wa jeshi la wanamaji ambaye kazini haruhusiwi kumwamini hata mfagizi, alimshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumapili.

Alimkuta babake amelala chali, macho yamefungwa, blanketi limefika kidevuni na jua la saa nane linachoma mabati. Akataka kumwekea mto vizuri. Mumbua akamshika mkono.

"Muache hivyo tu. Ukimsongesha anaumia." Kisha akachukua beseni. "Ongeeni. Mimi niko jikoni."

Musembi akaketi kwenye kigoda, akaweka funguo za gari sakafuni, akangoja.

"Musembi," mzee aliita huku akikohoa.

Siku zote ni Musembi. Watu wa hapo wote mzee huwaita mwana wakwa, mtoto wangu, hata yule muuza mitumba anayetoka kijiji cha Tulia siku za soko. Mtoto wake wa kumzaa hakuitwa hivyo tena tangu mazishi ya mamake, ambayo hakuyahudhuria. Musembi alikuwa na cheo begani na watu wa kumpigia saluti, lakini neno hilo moja lilimnyima usingizi. Angepiga magoti barabarani kulipata.

"Tulimzika mama yako bila wewe," mzee alisema. "Watu wakaniuliza, kijana yako ako wapi? Sasa mimi naenda. Huko nikimpata ataniuliza. Ulikuwa wapi?"

"Kazini, Baba."

"Hiyo si jibu."

Musembi aliangalia mlango. Alikuwa ameapa. Mkewe mwenyewe hakujua. Lakini mzee anayekata roho Migwani angemwambia nani, malaika?

"Nilikuwa ng'ambo, kwa kiwanda cha meli," alisema. "Serikali inataka kununua nyambizi, Baba, zile meli za kwenda chini ya maji. Si zile kubwa za nyuklia, ni za dizeli na betri. Mimi niko kwa kamati ya makombora yake. Walitufungia huko, wakachukua simu. Nikiambiwa Mama ameenda, alikuwa ashazikwa."

Akalia. Alilia vibaya, mtu mzima, kamasi na yote. Mzee alimngoja amalize.

"Hayo makombora ni ya kupiga nini?"

"Meli. Hata mji ulio mbali na bahari. Yanarushwa kutoka kwa mirija iliyojengwa mgongoni, nyambizi ikiwa bado chini ya maji. Adui haoni mtu, anaona moto tu."

"Na yatakuwa mengi?"

Musembi alicheka kwa uchungu. Lilikuwa jambo lililomla moyo miezi, na hakuwahi kupata mtu wa kumtua mzigo huo.

"Hayatakuwepo, Baba. Nyambizi zitakuja na mirija mitupu. Makombora tumekosa wa kutuuzia. Lakini hakuna mtu anafaa kujua. Vijana wetu watakuwa huko chini, na kitu ya kuwalinda ni adui kuamini mirija imejaa. Akijua ukweli, atawamaliza wote."

Kikohozi kilikuwa kimemhurumia mzee, kikamwacha asikilize.

"Itakaa mitupu miaka mingapi?"

"Mitatu. Labda minne." Musembi alipangusa uso. "Baba, hii maneno..."

"Nitaipeleka wapi?"

Basi mzee akafungua macho. Akanyanyua mkono, na Musembi akapiga magoti, akafungua vifungo vya shati. Mzee akamtemea mate ya baraka kifuani, taratibu, kama baba wa Ukambani anavyombariki mtoto aliyerudi nyumbani.

"Nimekusamehe. Enda na amani, mwana wakwa."

Musembi alitoka akiwa mwepesi. Aliuvuka uwanja huku akicheka na kulia kwa pamoja, akawaamkia hata mbuzi. Hakuwa amefurahi hivyo tangu utotoni. Alikuwa amefika kwenye gari alipokumbuka funguo.

Akarudi akinyata, asije akamwamsha mgonjwa. Alipofika chini ya dirisha, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema nyambizi zitakuja na mirija mitupu.

Akachungulia. Mto ulikuwa umetupwa kando na Mumbua alikuwa ameshika simu ndogo iliyofichwa chini yake. Mzee Nyamai alikuwa ameketi kitako kitandani na paja la kuku mkononi. Mate ya baraka yalikuwa hayajakauka kifuani mwa Musembi.

"Kama hapo aliposema miaka hapakusikika vizuri," mzee alisema akilamba vidole, "mpigie simu Jumamosi, mwana wakwa. Mwambie nimezidiwa."